Catan: miji, barabara au bandari? Tulinganishe kwa hesabu ya dadu

Niliwahi kupanga vijiji vyangu viwili vya mwanzo katika mchezo wa ubao wa Catan, nikahesabu vitone vya namba zake, nikapata 24. Mwenzangu wa kulia alikuwa na 20. Nikajiona nimeshamaliza kazi kabla dadu hazijaguswa. Mchezo ulipoisha yeye alikuwa na pointi 10, mimi 4, na mkononi nimeshika kadi za sufu kama mfugaji aliyekosa soko. Ningependa kusema dadu zilinionea, lakini hapana. Namba zangu zilitoka, tena mara nyingi kuliko zake. Nilihesabu kadi ngapi zitakuja, sikuhesabu zitanunua nini.

Kwa hiyo hapa hatuulizi "kona ipi ina vitone vingi?" Tunaziweka njia tatu za kufikia pointi 10 za ushindi bega kwa bega, tuone kila moja inakula kadi ngapi, za aina gani, na dadu zirushwe mara ngapi ndipo zipatikane.

Kwa anayeujua mchezo kidogo tu

Catan ulibuniwa na Mjerumani Klaus Teuber, ukatoka mwaka 1995 na mwaka huo huo ukachukua tuzo ya Spiel des Jahres, yaani Mchezo wa Mwaka. Ubao una vigae 19 vya pembesita: misitu minne ya mbao, malisho manne ya sufu, mashamba manne ya ngano, vilima vitatu vya matofali, milima mitatu ya madini, na jangwa moja lisilotoa kitu. Kila kigae, jangwa likiachwa, hupewa kisahani chenye namba. Dadu mbili zikirushwa na jumla yake ikawa namba hiyo, mwenye kijiji kwenye kona ya kigae hupata kadi moja, mwenye mji hupata mbili. Dadu ni za wote: hata zamu ikiwa ya mwingine, namba yako ikitoka unapokea.

Vitone vilivyochapwa chini ya namba ndiyo hesabu yenyewe. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Saba ina njia 6, ndiyo namba ya jambazi, anayehamishiwa kwenye kigae na kukizuia kisitoe kadi. Sita na nane zina njia 5 kila moja, tano na tisa 4, nne na kumi 3, tatu na kumi na moja 2, mbili na kumi na mbili moja moja. Kitone kimoja ni nafasi 1 kati ya 36. Kona inayogusa 6, 5 na 10 ina vitone 5+4+3, yaani 12, na kwa wastani italeta kadi moja kila dadu zinaporushwa mara tatu.

Kwa wastani, nasisitiza. Chukua mchezo wa mirusho 72. Sita inatarajiwa kutoka mara 10, lakini ikitoka mara 7 au mara 13 hakuna cha kushangaa. Kumi na mbili inatarajiwa mara 2, na katika michezo kama 13 kati ya 100 haitatoka kabisa. Hata ukichukua mirusho 12 mfululizo, sita ina uwezekano wa karibu asilimia 17 wa kutoonekana. Mtu akikuambia "sita imekaa sana, sasa lazima itoke", usibishane naye. Dadu haina kumbukumbu, lakini imani yake inaweza kukupatia biashara nzuri.

Vitone sawa: kurundika au kutawanya?

Kabla ya kuchagua njia kuna uamuzi mdogo ambao wengi huupita bila kuuona. Tuseme wachezaji wawili wana vitone 24 kila mmoja. Wa kwanza amerundika: kijiji kimoja kinagusa 6, 5 na 10, na cha pili kinagusa 6, 5 na 10 nyingine, maana namba hizo zina visahani viwili viwili ubaoni. Wa pili ametawanya: kijiji kimoja kwenye 6, 5 na 10, kingine kwenye 8, 9 na 4.

Kwa muda mrefu watapata kadi sawa, kama 24 kila mirusho 36. Tofauti iko katika jinsi zinavyokuja. Aliyerundika hupata kadi katika mrusho mmoja kati ya mitatu, na zikija zinakuja mbili mbili. Aliyetawanya hupata katika miwili kati ya mitatu, moja moja. Meza ya watu wanne ikizunguka mara moja, dadu zinarushwa mara nne. Uwezekano wa aliyerundika kutoka mikono mitupu katika mzunguko mzima ni 16 kati ya 81, karibu asilimia 20. Wa aliyetawanya ni 1 kati ya 81. Katika mirusho 36, wa kwanza atakuwa kwenye kadi 24 akipanda au kushuka 6 hivi, wa pili akipanda au kushuka 3.

Mimi hutawanya. Kadi moja kila mara ina thamani kuliko kadi nyingi baada ya ukame, kwa sababu kona nzuri hazikusubiri na wenzako hawabadilishani na mtu asiye na kitu. Isitoshe, kadi zinazokuja kwa mafungu hukutwa na saba, inayomtupisha nusu mwenye mkono uliojaa, zikiwa bado mkononi. Ukirundika kwa kuweka vijiji viwili kwenye kigae kimoja ni hatari zaidi, kwani jambazi akiketi hapo anafunga milango miwili kwa mguu mmoja.

Lakini mara mbili naona kurundika kuna akili. Ya kwanza ni milima: ukiwa na madini kwenye 8 mbili, mrusho mmoja unakupa theluthi mbili ya madini ya mji mzima. Ya pili ni pale ulipobaki na kona mbovu kuliko za wote. Aliye nyuma hana haja ya utulivu, maana akitulia atabaki nyuma kwa utulivu. Anahitaji kuyumba, akitumaini kuyumbia upande mzuri.

Na hapo ndipo inaporudi hadithi yangu. Vitone vyangu 24 vilikuwa vimetawanyika vizuri kabisa: 4, 5, 6, 8, 9, 10. Kadi zilikuja kila wakati. Zilikuwa mbao na sufu.

Kadi ngapi kwa pointi moja

Bei za Catan hazibadiliki. Barabara: mbao 1, tofali 1. Kijiji: mbao, tofali, sufu na ngano, moja moja. Mji: madini 3, ngano 2, na lazima ukae juu ya kijiji ulicho nacho. Kadi ya maendeleo: madini, sufu na ngano, moja moja. Kwa kuwa vijiji haviruhusiwi kukaribiana, kijiji kipya kwa kawaida kinadai barabara mbili kwanza, na bei yake halisi inapanda kutoka kadi 4 hadi 8.

Kadi za maendeleo zinahitaji hesabu kidogo. Ziko 25: askari 14, pointi za ushindi 5, na zilizobaki 6 ni za aina tatu, mbili mbili. Atakayetangulia kucheza askari watatu anapewa Jeshi Kubwa lenye pointi 2. Ukinunua kutoka fungu lililo kamili, kwa wastani askari wa tatu anapatikana kwenye kadi ya 5.2, na kufikia hapo utakuwa umeokota pointi moja ya ushindi kwa wastani. Yaani kadi za mali 15.6 kwa pointi 3.

| Unachonunua | Kadi za mali | Pointi | Kadi kwa pointi |
|---|---|---|---|
| Kijiji na barabara mbili | 8 | 1 | 8 |
| Kijiji na barabara moja | 6 | 1 | 6 |
| Mji | 5 | 1 | 5 |
| Maendeleo hadi askari wa tatu | 15.6 | 3 | 5.2 |
| Barabara Ndefu, vipande 4 juu ya kimoja cha mwanzo | 8 | 2 | 4 |

Usidanganyike na mstari wa mwisho. Barabara Ndefu, yaani pointi 2 za mwenye barabara ndefu kuliko wote ya vipande 5 au zaidi, ni rahisi kununua na rahisi kunyang'anywa: mwenzako akikupita kwa kipande kimoja, pointi 2 zinahama na zako 8 zimeoza. Jeshi nalo linaweza kuhama, lakini ili mtu akupite lazima apate askari, na askari hachaguliwi dukani, anategemea fungu.

Jedwali linaficha jambo jingine: kinachorudisha kadi na kisichorudisha. Mji juu ya kona ya vitone 12 unaongeza kadi moja kila mirusho mitatu, kwa hiyo kadi zake 5 zinarudi baada ya mirusho 15. Kijiji kipya kwenye kona ya vitone 9, pamoja na barabara zake mbili, kinarudisha kadi 8 baada ya mirusho 32. Askari harudishi kitu, isipokuwa kadi anazoiba na jambazi anayemhamisha. Mapema nunua kinachozaa. Mwishoni nunua cha bei nafuu, hata kama kimekufa.

Miji na askari

Njia hii inasimama juu ya madini na ngano, sufu ikiwa pembeni. Geuza vijiji vyako viwili kuwa miji, nunua kadi tano za maendeleo, na kwa wastani utakuwa na pointi 7: miji miwili pointi 4 (mji ni pointi 2, kijiji 1), Jeshi Kubwa 2, pointi ya ushindi 1. Gharama yake ni madini 11, ngano 9 na sufu 5, jumla 25. Hujagusa mbao wala tofali.

Hizo namba tatu, 11, 9 na 5, ndizo ninazozibeba kichwani wakati wa kupanga. Zinaniambia vitone vyangu vigawanyike vipi. Madini yapate kidogo zaidi ya ngano, sufu nusu yake hivi. Mchezaji aliyenipiga siku ile alikuwa na madini kwenye 8 na 10, ngano kwenye 5 na 9, sufu kwenye 3 na tofali kwenye 11. Vitone 20, lakini 8 vya madini na 8 vya ngano. Madini matatu ya mji wake wa kwanza yalihitaji mirusho 13 au 14 kwa wastani. Mji ule ulipokaa juu ya kona ya 8, 5 na 3, vitone vyake vya madini vikawa sawa na 13, na madini ya mji wa pili yakahitaji mirusho 8 au 9 tu. Njia hii huanza kwa kuvuta miguu halafu inakimbia.

Linganisha na mtu ambaye mlima wake pekee uko kwenye 4. Madini matatu kwake ni mirusho 36 kwa wastani. Anaweza kuwa na vitone 24 pia, lakini mji wake wa kwanza utakuja wenzake wakiwa wanahesabu pointi ya nane. Usikubali njia ya miji kwa sababu tu umegusa mlima. Kipimo changu ni vitone 8 vya madini kati ya vijiji viwili, nikibanwa sana 7.

Udhaifu wake ni mkono uliojaa. Mji unadai kadi tano kwa mpigo, na ukiwa unasubiri kadi ya tatu ya madini utajikuta umeshika kadi nane au tisa. Saba ikitoka, mwenye kadi zaidi ya saba anatupa nusu. Uwezekano wa saba kutoka angalau mara moja katika mirusho minne ni asilimia 51.8. Namba hiyo ina historia: ni ile ile ya kupata sita angalau mara moja ukirusha dadu moja mara nne, dau ambalo jina la Chevalier de Méré wa Ufaransa limeshikamana nalo. Maswali yake ya kamari ndiyo yaliyomfanya mwanahisabati Pascal aandikiane na mwenzake Fermat mwaka 1654, na hesabu ya uwezekano ikachukua mwendo. De Méré alijua kuwa dau hilo lina faida kidogo kwa anayeshikilia upande wa "itatoka". Nawe ukishika kadi nane ukisubiri zamu yako katika meza ya wanne, umebeti upande wa pili. Mkiwa watatu, mirusho ni mitatu na hatari inashuka hadi asilimia 42, lakini bado si ndogo. Kununua kadi ya maendeleo ili kushuka hadi kadi tano mara nyingi ni busara hata kama inachelewesha mji.

Barabara na vijiji

Hapa mbao na matofali ndiyo roho. Ongeza vijiji vitatu, kila kimoja kwa barabara mbili: mbao 9, matofali 9, sufu 3, ngano 3. Jumla 24. Ukizipanga barabara zako kwa mstari mmoja, Barabara Ndefu inakuja yenyewe njiani. Vijiji 5 na pointi 2 za barabara ni 7.

Tazama: kadi 25 upande ule, 24 upande huu, pointi 7 kwa 7. Hata uzalishaji unakaribiana. Miji miwili juu ya vitone 20 inafanya kazi ya vitone 40. Vijiji vitano vyenye vitone 8 hadi 10 kila kimoja vinafika hapo hapo. Kama kuna mtu anakuambia njia moja ni bora siku zote, muulize ubao ulikuwaje.

Tofauti ya kwanza ni mahali pa kukwama. Vilima vya matofali ni vitatu tu, kama milima, na njia hii inadai tofali tatu kwa kila kijiji kipya. Tofali likiwa kwenye 9 peke yake, hizo tatu ni mirusho 27. Mimi siku ile nilikuwa na mbao kwenye 6 na 8, na tofali kwenye 4. Mbao zilinirundikia, tofali tatu zilihitaji mirusho 36. Ngano sikuwa nayo kabisa. Ili kuipata kutoka benki, yaani rundo la kadi za mchezo, kwa kubadilisha sufu nne, na sufu yangu ya vitone 11, nilihitaji mirusho 13 kwa kila punje. Nisingeshinda hata dadu zingenibusu.

Ya pili ni mashindano. Mji wako hauchukuliwi na mtu. Kona unayoilenga inachukuliwa, tena mara nyingi kipande kimoja kabla hujafika. Kwa hiyo katika njia hii kasi ya mwanzo ni kila kitu, na katika meza ya wanne nafasi zinakwisha upesi. Mkiwa watatu ubao unapumua, na hapo barabara hupanda thamani machoni pangu.

Ya tatu huwapata wengi bila kutarajia: vijiji ni vitano kwa kila mchezaji, hakuna cha sita mpaka ugeuze kimoja kuwa mji. Ukifika pointi 7, mbao na matofali vinakuwa kuni. Pointi tatu zilizobaki kwa kawaida ni miji mitatu, madini 9 na ngano 6. Kadi 15 si nyingi. Mwenye miji na askari anaweza kuhitaji zaidi, maana yeye sasa ndiye anayetafuta mbao na tofali za kijiji cha tatu. Lakini ni lazima madini yatoke mahali. Ukichagua barabara, kijiji cha tatu au cha nne kielekezwe mlimani tangu barabara ya kwanza. Anayekumbuka mlima akiwa na pointi 7 amechelewa.

Bandari

Watu huipenda bandari kwa sababu inaonekana kama ujanja. Hesabu yake ni fupi na haina huruma.

Bila bandari, benki inakupa kadi moja kwa nne za aina moja. Bandari ya kawaida ni moja kwa tatu, bandari maalumu ya mali fulani ni moja kwa mbili. Ubao una bandari 9: nne za kawaida, tano maalumu. Kona ya pwani inagusa vigae viwili au kimoja, kwa hiyo unalipia bandari kwa vitone. Tuseme umepoteza vitone 3, yaani umeacha kigae cha 4 au 10.

Ziada yako ikiwa vitone S, benki inarudisha S/4, bandari ya kawaida S/3. Faida ni S/12. Ili ilipe vitone 3 ulivyoacha, ziada iwe vitone 36. Hakuna anayeanza mchezo na vitone 36 jumla, achilia mbali vya ziada. Bandari maalumu inarudisha S/2, faida ni S/4, na inalipa ziada ikifika vitone 12 vya mali hiyo moja. Hilo linawezekana: malisho mawili ya 8 na 9 ni vitone 9, kijiji cha tatu kwenye malisho ya 10 kinakufikisha 12.

Kwa hiyo bandari ya kawaida kama kijiji cha kwanza nasema hapana, isipokuwa kigae unachokiacha ni cha 2 au 12. Hapo umeacha kitone kimoja na ziada ya 12 inatosha. Bandari maalumu naikubali kama kijiji cha pili au cha tatu, mali yake ikiwa imeshajaa upande wangu. Na kuna faida moja ambayo S haioni. Ukifika pointi 8, wenzako huacha kubadilishana nawe. Kimya hicho hukata mkono wa mchezaji yeyote, ila mwenye bandari yeye alishazoea kununua bila kumwomba mtu.

Kipi kwa nani

Ninachokitazama kwanza ni visahani vya milima mitatu. Milima ikiwa na namba kama 8, 5 na 10, madini yatakuwa mengi ubaoni, wengi watayakimbilia, na atakayekosa kona mbili nzuri za mlima afikirie barabara mapema badala ya kugombea makombo. Milima ikiwa na 3, 11 na 4, miji itachelewa kwa kila mtu, na anayeshika matofali mazuri anaweza kujaza vijiji vitano kabla mji wa kwanza haujasimama.

Ngano haina mjadala. Imo katika manunuzi matatu kati ya manne: kijiji, mji, kadi ya maendeleo. Mali nyingine zote zimo katika mawili. Kona isiyonipa ngano lazima ifuatwe na ile inayonipa, vitone 4 au zaidi.

Kuhusu namba nyekundu, yaani 6 na 8, mimi siipi 6 thamani kubwa kupita 5 kama wengi wanavyofanya. Tofauti ni kitone kimoja, na jambazi anaijua rangi nyekundu vizuri. Kona ya 5, 9 na 10 ina vitone 11 na mara nyingi inaachwa peke yake meza nzima ikigombania nyekundu.

Kisha kiti chako. Vijiji hupangwa kwa kwenda na kurudi: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, halafu wa nne tena, kurudi hadi wa kwanza. Ukiwa wa kwanza, vijiji sita vya wenzako vitawekwa kabla ya chako cha pili. Huwezi kupanga jozi, kwa hiyo chagua kona inayojitosheleza zaidi. Mimi huchukua mlima na ngano kwa pamoja vikiwepo, kisha nangoja kuona nini kimebaki. Ukiwa wa nne unaweka viwili mfululizo, na hiyo ni nafasi ya njia inayotaka mali mbili ziende sambamba: mbao na tofali zenye vitone vinavyolingana, 8 kwa 8 hata 7 kwa 7, si 10 kwa 3 kama zangu. Kijiji cha pili ndicho kinachokupa kadi za kuanzia, kwa hiyo kiwe kile chenye tofali, ili barabara ya kwanza ianze mapema.